John Laurie, Mskoti Aliyechekesha Uzeeni

Kusini ya nchi ya Uskoti uko mji uitwao Dumfries, kando ya mto Nith. Waskoti wote waujua mji huo, kwa maana ndiko alikokufa mshairi wao mkubwa, Robert Burns, katika mwaka wa 1796, na kaburi lake liko huko hata leo. Ng'ambo ya mto, mahali paitwapo Maxwelltown, tarehe 25 Machi 1897, alizaliwa mtoto mwanamume akaitwa John Paton Laurie. Baba yake alikuwa karani katika kiwanda cha nguo za sufi, na baadaye akawa mwenye duka la kofia na soksi. Hawakuwa maskini wa kuombaomba, wala hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa kazi na wa kanisani, wenye kuhesabu senti zao kabla ya kuzitumia.

Kijana Laurie alisoma katika shule ya Dumfries Academy. Shule hiyo ilikwisha kupata sifa kabla yake, maana miaka ya 1870 alisoma hapo J. M. Barrie, yule aliyeandika habari za Peter Pan, mtoto asiyekua. Nawaomba wenzangu mlikumbuke jina hilo la Barrie, kwa sababu litarudi baada ya kitambo kidogo.

Alipomaliza shule Laurie hakuwa na nia ya kuchekesha watu, wala ya kupanda jukwaani. Alianza kujifunza kazi ya kuchora ramani za majumba. Kazi hiyo ni ya heshima na yenye mshahara, na yamkini wazazi wake waliona kwamba mtoto wao amekwisha kuipata njia yake. Lakini mwaka wa 1914 Vita Kuu vilianza, na kama vijana wengi wa umri wake aliitwa na ngoma ya vita. Aliingia katika kikosi kiitwacho Honourable Artillery Company, akapelekwa Ufaransa kwenye mahandaki. Habari za mahandaki yale wengi tumezisoma katika vitabu vya historia: matope mpaka magotini, panya, na mizinga isiyonyamaza usiku wala mchana. Laurie aliyaona kwa macho yake. Mwisho alirudishwa kwao kwa sababu afya yake iliharibika, naye hakupenda kamwe kuyasimulia aliyoyaona huko.

Vita vilipokwisha hakurudi kwenye kalamu na rula. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Kijana aliyekwisha kuona wenzake wakifa kwa maelfu aliona afadhali afanye jambo alipendalo, hata kama halina mshahara wa hakika. Akaenda London kujifunza katika chuo cha kusema na kuigiza kilichoanzishwa na Bibi Elsie Fogerty mwaka wa 1906, ambacho madarasa yake yalikuwa ndani ya jumba kubwa la Royal Albert Hall. Bibi Fogerty alikuwa mkali sana katika jambo la matamshi. Miaka michache baada ya Laurie walipita hapo Laurence Olivier na Peggy Ashcroft, watu waliokuja kuwa wakuu wa jukwaa la Uingereza, nao wote wawili walikutana na Laurie tena kazini, kama tutakavyoona.

Machi 1921 alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kazi. Wapi? Katika mji wake mwenyewe wa Dumfries, mbele ya watu waliomjua tangu utotoni. Na mchezo gani? Mchezo wa J. M. Barrie, mwanafunzi wa zamani wa shule ile ile, uitwao What Every Woman Knows. Basi ndugu zangu mliomaliza shule zamani, mnaona jinsi wanafunzi wa shule moja wanavyoweza kukutana, ingawa mmoja alitoka miaka mingi kabla ya mwenziwe kuzaliwa.

Tangu mwaka wa 1922 alicheza katika jumba la Old Vic, London. Jumba hilo wakati huo lilikuwa chini ya Bibi Lilian Baylis, mwanamke shupavu aliyetaka hata mtu wa mshahara mdogo aweze kuona michezo ya Shakespeare kwa pesa chache. Kwa kuwa kiingilio kilikuwa kidogo, mishahara ya wachezaji ilikuwa midogo vile vile. Wiki hii mtu alikuwa mfalme, wiki ijayo alikuwa mchimba kaburi, na usiku alirudi kwake kujifunza kwa moyo maneno ya mchezo wa wiki ya tatu. Laurie aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa mwembamba, mwenye uso wa mifupa na macho makubwa yenye kung'aa, na sauti yake ilikuwa ya Kiskoti hasa, yenye kuvingirisha herufi ya r mpaka mtu wa nyuma kabisa aisikie. Kati ya mwaka wa 1922 na 1939 alicheza karibu watu wote wakubwa wa Shakespeare, hapo Old Vic na huko Stratford alikozaliwa Shakespeare mwenyewe. Alikuwa Hamlet, alikuwa Richard wa Tatu, na alikuwa Macbeth.

Huyo Macbeth sisi tunamjua. S. S. Mushi alimtia katika Kiswahili mwaka wa 1968, na watoto wa shule wengi wamemwigiza huku wamejifunga shuka na kushika panga za mbao. Nimeutaja mwaka huo kwa sababu ndio ule ule ambao Laurie, aliyekuwa Macbeth wa kweli kweli kwa Mskoti, alianza kazi nyingine kabisa. Lakini nisitangulie.

Katika Old Vic alimpata mke, Bibi Florence Saunders, mchezaji mwenziwe. Walioana mwaka wa 1924. Mwaka wa 1926 bibi huyo akafa kwa ugonjwa wa utando wa ubongo, akamwacha Laurie mjane kabla hajatimiza miaka 30. Mwaka wa 1928 alioa tena, akamwoa Bibi Oonah Todd-Naylor, na huyo ndiye aliyekaa naye mpaka mwisho. Walizaa binti mmoja.

Sinema zilipoanza kusema, Laurie hakuachwa nyuma. Sinema yake ya kwanza ilikuwa Juno and the Paycock ya mwaka wa 1930, nayo ilitengenezwa na Alfred Hitchcock. Miaka mitano baadaye Hitchcock alimwita tena katika The 39 Steps. Humo Laurie ni mkulima wa milimani, mwenye wivu na mwenye kupenda fedha. Mgeni anayekimbia askari anaomba kulala kwake, mkulima anapokea malipo kwanza, kisha usiku yuko tayari kumtoa mgeni wake kwa ajili ya fedha nyingine. Mke wake kijana, aliyechezwa na Peggy Ashcroft, anamwonea mgeni huruma, anampa koti la mumewe akimbie nalo. Katika mfuko wa koti kuna kitabu cha nyimbo za kanisani, na baadaye kitabu hicho ndicho kinachozuia risasi isimwue yule mgeni. Laurie anaonekana kwa dakika chache tu, lakini mtu aliyeitazama sinema hiyo hasahau macho yale yakichungulia dirishani.

Kazi yake bora ya sinema, kwa maoni yangu, ni The Edge of the World, iliyotengenezwa na Michael Powell. Asili yake ni jambo la kweli. Mbali magharibi ya Uskoti kuna visiwa viitwavyo St Kilda, ambavyo watu walikaa humo kwa mamia ya miaka wakiishi kwa kondoo na ndege wa baharini. Vijana wakahama mmoja mmoja, wazee wakabaki, mpaka Agosti 1930 watu 36 waliosalia wakaomba wenyewe kuondolewa, wakapandishwa melini, na nyumba zao zikabaki tupu. Powell hakupata ruhusa ya kupiga picha huko St Kilda, basi mwaka wa 1936 akawachukua watu wake mpaka kisiwa cha Foula katika Shetland. Huko walikaa kwa miezi. Dhoruba zilikuja hata mashua hazikuweza kufika, na wachezaji wakakwama pamoja na wenyeji wakila walichopata.

Katika sinema hiyo Laurie ni Peter Manson, mzee wa kisiwa asiyetaka kuhama. Mwanawe, Robbie, anataka kuhama. Kijana mwingine, rafiki wa Robbie, anabisha. Vijana wanakubaliana kukata shauri kwa desturi ya kale, yaani washindane kupanda jabali refu lililo juu ya bahari, na Robbie anaanguka na kufa. Baada ya hapo mzee Manson anaona kidogo kidogo kwamba kisiwa hakiwezi kuwalisha tena, na kwamba watoto wachanga watakufa kwa kukosa daktari. Mwisho ni yeye mwenyewe anayekubali watu waondoke. Siku ya kuondoka anashuka jabalini kutafuta yai la ndege, kamba inakatika, naye anakufa bila ya kuiacha nchi yake. Laurie alikuwa hajafika miaka 40 alipomcheza mzee huyo. Sisi tulio katika nchi ambako vijana huenda mjini na wazee hubaki na mashamba hatuhitaji mtu wa kutufafanulia sinema hii.

Vita vya pili vilipoanza Laurie alikuwa na miaka 42, amepita umri wa kupelekwa mbele. Tarehe 14 Mei 1940 waziri Anthony Eden alisema katika redio kwamba serikali yataka watu wa kulinda nyumbani, wenye umri wa miaka 17 mpaka 65, wasioweza kuingia katika jeshi la kawaida. Hakukuwa na mshahara. Hata hivyo katika muda wa wiki moja watu 250,000 walijiandikisha, na baadaye jeshi hilo, lililoitwa Home Guard, likawa na watu zaidi ya milioni moja na nusu. Mwanzoni silaha zilikuwa haba. Wengine walishika mipini ya mifagio na bunduki za ndege, nao walikuwa tayari kupigana na majeshi ya Hitler wakifika pwani. John Laurie alikuwa mmoja wao, huko London. Mtu aliyeyajua mahandaki ya Ufaransa alirudi tena kufundishwa namna ya kubeba bunduki begani.

Kazi ya kuigiza haikusimama. Alicheza katika The Life and Death of Colonel Blimp mwaka wa 1943, na Laurence Olivier alipoanza kutengeneza sinema za Shakespeare alimwita katika zote tatu, Henry V ya 1944, Hamlet ya 1948 na Richard III ya 1955. Lakini angalieni nafasi alizopewa. Katika Hamlet, yeye aliyekuwa Hamlet mwenyewe katika Old Vic sasa alikuwa Francisco, askari wa zamu anayesema maneno machache mwanzoni mwa mchezo na kwenda zake. Olivier ndiye alikuwa Hamlet, Olivier ndiye alipata zawadi. Kwa mtu mwenye kiburi cha kazi yake jambo kama hilo si dogo.

Miaka ya 1950 ilikuwa hivyo hivyo. Hakukosa kazi, maana popote palipotakiwa Mskoti mkali, Mskoti bahili au Mskoti wa kutisha, jina lake lilitajwa. Katika Treasure Island ya mwaka wa 1950 yeye ndiye Pew, yule kipofu mwenye fimbo. Wazee wetu waliosoma kitabu hicho shuleni kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina watamkumbuka Pew vizuri, na pengine bado wanamwogopa. Katika Kidnapped ya mwaka wa 1960 alikuwa Ebenezer, ami mchoyo anayempandisha mtoto wa nduguye ngazi gizani ili aanguke afe. Televisheni ilipoenea alisimulia humo hadithi za mizimu. Watu walimjua kwa uso, lakini wengi wao hawakuweza kulitaja jina lake. Alikwisha kufika miaka 70, na ilielekea mambo yangemalizikia hapo.

Sasa twaja kwenye mwaka wa 1968. Mchezaji mmoja aitwaye Jimmy Perry, ambaye alipokuwa kijana alikuwa katika Home Guard huko Watford, alifikiri kuandika mchezo wa kuchekesha wa televisheni juu ya wazee wale wa mwaka wa 1940. Aliandika pamoja na David Croft wa BBC. Mkubwa wa michezo ya kuchekesha hapo BBC, Michael Mills, ndiye aliyeupa mchezo jina la Dad's Army, yaani Jeshi la Akina Baba, naye ndiye aliyesema kwamba lazima awemo John Laurie. Waandishi hawakujua bado atafanya nini. Katika karatasi za kwanza mtu wake alitajwa kuwa Mskoti tu, basi.

Laurie alimwambia Perry waziwazi kwamba shauri lenyewe aliona ni la kipuuzi, ingawa alimtakia heri. Mchezo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 31 Julai 1968, na haukuchukua muda mrefu nchi nzima ikawa inacheka. Hapo mzee Laurie akamwendea Perry tena, akamwambia kwamba yeye tangu mwanzo alijua utakuwa mchezo mkubwa. Jambo hili Perry alikuwa akilisimulia kwa kicheko miaka yote, na si ajabu, maana ndivyo hasa alivyokuwa yule mtu ambaye Laurie alimcheza.

Mtu huyo jina lake ni Frazer, naye anakaa katika mji wa pwani usiokuwako, uitwao Walmington-on-Sea. Mkubwa wa kikosi ni Kapteni Mainwaring, meneja wa benki, mfupi, mnene, mwenye kujiona, aliyechezwa na Arthur Lowe. Sajini wake ni karani wake wa benki, John Le Mesurier. Mwuza nyama Jones, aliyechezwa na Clive Dunn, ni mzee wa vita vya Sudan ambaye siku zote anageuka nyuma baada ya wenzake. Frazer ni mwenyeji wa kisiwa cha Barra, baharia wa zamani. Mwanzoni alikuwa na duka la stempu, lakini waandishi walipozidi kumtazama Laurie usoni waliona stempu hazimfai, wakampa kazi ya kutengeneza majeneza na kuzika watu kwa malipo.

Hapo mchezo ukapata chumvi yake. Frazer akimtazama mtu, anamtazama kama anayempima urefu. Penye hatari ndogo yeye hutoa macho, huinua kidole, na kuwatangazia wenzake kwa sauti ya kaburini kwamba wote wamekwisha kuangamia. Nyuma ya Kapteni humsema kila neno baya, na mambo yakienda vizuri huwa wa kwanza kumwambia kwamba hakuwa na shaka naye hata dakika moja. Hupenda kusimulia hadithi za kutisha. Katika mojawapo anawauliza wenzake gizani kama wataka kusikia habari za ghala kuukuu lililo tupu. Wote wanasogea karibu, nywele zinawasimama. Anawaambia kwamba ndani yake hamkuwa na kitu. Hadithi imekwisha. Ukiisoma hapa haikuchekeshi sana, hakika, lakini Laurie aliisema kwa sauti ile ile aliyoitumia kumsema Macbeth akiona kisu hewani, na ndiyo maana watu walishika mbavu.

Mchezo mmoja wa mwaka wa 1969 ulihusu springi ya bunduki ya rashasha, bunduki pekee ya namna hiyo waliyokuwa nayo. Frazer aliichukua bunduki nyumbani kuisafisha, akaiweka springi katika sanduku karibu yake, akasahau kwamba sanduku lenyewe lilikuwa jeneza. Jeneza likachukuliwa, likatiwa maiti, na kikosi kizima kikawa kinazungukazunguka nyumba ya matanga kikitafuta springi bila ya kuweza kuwaambia wafiwa sababu.

Lakini nataka kukaa zaidi juu ya mchezo mwingine wa mwaka huo huo wa 1969, uitwao Branded. Katika kikosi alikuwamo mzee mpole aitwaye Godfrey, aliyechezwa na Arnold Ridley. Godfrey anakuja kwa Kapteni kuomba kuacha, na inatokea habari kwamba katika vita vya kwanza alikataa kupigana kwa sababu ya dhamiri. Mara moja wenzake, Frazer pamoja nao, wanamkwepa. Hawasemi naye, hawakai naye, wanamwona mwoga. Mwisho wanagundua, kwa picha iliyo ukutani kwake, kwamba mzee huyo alijiunga na watu wa matibabu, akaenda mpaka Somme bila ya silaha, akawatoa majeruhi chini ya risasi, akapata nishani ambayo hakuwahi kuivaa wala kuitaja.

Sasa wafikirieni wachezaji wenyewe. Arnold Ridley alikuwa kweli huko Somme. Alichomwa kwa singe, mkono wake wa kushoto ukawa karibu hauna nguvu maisha yake yote, na mwaka wa 1939 alirudi tena jeshini. Laurie naye alitoka katika mahandaki yale yale. Ridley alizaliwa Januari 1896 na Laurie Machi 1897, nao kwa kazi walizoea kutaniana kama wazee watanianavyo barazani, kila mmoja akijiona mzima kuliko mwenziwe. Wazee hao wawili walisimama mbele ya mashine za picha, mmoja akajifanya kumdharau mwenziwe kwa woga, na watazamaji wengi hawakujua ni watu gani hasa wanaowatazama. Clive Dunn naye alikuwa mateka wa Wajerumani tangu mwaka wa 1941, akakaa Austria katika kambi kwa miaka minne. Mimi naona ndiyo sababu kicheko cha mchezo ule hakina dharau kwa wazee. Waliojua uzito wa jambo ndio waliolicheka.

Watu waliotazama walifika milioni 18 kwa usiku mmoja, na kwa nchi ya wakati ule hiyo ilikuwa karibu theluthi ya watu wote. Vipindi vilivyotengenezwa kutoka 1968 mpaka 1977 ni 80. Mwaka wa 1971 ikatoka sinema, na mwaka wa 1975 wakaucheza mchezo jukwaani London, katika jumba la Shaftesbury. Picha za nje walizipiga karibu na mji wa Thetford, na huko, wazee wengine wakipiga soga wakati wa kusubiri, Laurie alipenda kukaa na gazeti la The Times akijaza fumbo la maneno. Jambo la kusikitisha ni kwamba BBC siku hizo ilifuta kanda zake ili izitumie tena, na vipindi vitatu vya Dad's Army vikapotea, kimoja kikiwa A Stripe for Frazer, ambacho Frazer anapewa cheo kidogo na cheo kinampanda kichwani.

Je, Laurie alifurahi? Hapa nitasema kweli kama inavyosimuliwa na waliokuwa naye. Alifurahi kwa fedha, alifurahi kwa kazi, lakini aliudhika vile vile, wala hakuficha. Alinung'unika kwamba alikwisha kucheza kila mtu mkubwa wa Shakespeare, akasifiwa na wajuzi, na sasa katika uzee wake amepata umaarufu kwa upuuzi huu. Alitumia neno kali kuliko upuuzi. Barabarani watoto hawakumwita Hamlet, walimwita Frazer, wakamwiga sauti na macho. Wachezaji wenzake walipenda kumsikia akilalamika, maana hata kulalamika kwake kulikuwa mchezo. Nami siwezi kumlaumu. Miaka 17 ya Shakespeare ilikuwa jukwaani, na mchezo wa jukwaani ukiisha haubaki popote ila katika vichwa vya waliouona, nao mwaka wa 1970 wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Kilichobaki katika kanda ni yule mzika watu. Lakini mtu akimtazama Frazer kwa makini aona kwamba mafunzo ya Bibi Fogerty na jasho la Old Vic yamo yote. Hakuna mchekeshaji wa juzi na jana ambaye angeweza kulitisha jeshi zima kwa habari za ghala tupu.

Kipindi cha mwisho kilionyeshwa tarehe 13 Novemba 1977. Ndani yake wazee wanasimama na vikombe mkononi wanakunywa kwa heshima ya Home Guard.

Mwaka wa 1978 Michael Powell, ambaye naye alikuwa mzee, alimwita Laurie warudi Foula, baada ya miaka 42, kupiga picha nyingine kidogo za kuwekwa mwanzoni na mwishoni mwa sinema yao ya zamani. Laurie alikuwa na miaka 81. Anaonekana humo na nywele zake nyeupe, kati ya upepo, majabali yako nyuma yake kama alivyoyaacha. Alipokuwa kijana alijipaka rangi ili afanane na mzee wa kisiwani, na safari hii hakuhitaji rangi.

Alifanya kazi karibu mpaka mwisho. Mapafu yake yalikuwa mabovu, na ugonjwa huo ndio uliomwua, tarehe 23 Juni 1980, huko Chalfont St Peter, Buckinghamshire, akiwa na miaka 83. Arthur Lowe alimfuata mwaka wa 1982, Le Mesurier mwaka wa 1983, na Ridley mwaka wa 1984. Ian Lavender, aliyekuwa kijana wa kikosi, aliishi mpaka mwaka wa 2024. Yule aliyewapima watu wote wa Walmington kwa majeneza hakuzikwa katika jeneza. Maiti yake ilichomwa, na majivu yakamwagwa baharini.